Jana Iliyo Ndani ya Kitenzi

Mwanafunzi aingiapo kidato cha kwanza huko Karagwe, au Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, huwa amekwisha kupita milango miwili ya lugha. Wa kwanza ni Runyambo, aliyoinyonya kwa mamaye. Wa pili ni Kiswahili, kilichomfunza hesabu na sayansi katika shule ya msingi. Sasa Kiingereza, alichokuwa amekionja kama somo tu, chageuka kuwa lugha ya takriban masomo yote.

Kijana mmoja wa huko, aliyelelewa baina ya migomba na mibuni, aliandika katika insha yake ya kwanza: "I have seen my grandfather yesterday." Mwalimu akapiga mstari mwekundu, asieleze neno. Kosa lilikuwa kosa, lakini lilikuwa na asili yake. Kwa Kiswahili mtu husema "babu amefika jana" na hapana anayeshtuka, kwani aliyefika jana huenda yungali hapa. Kiingereza hakina ruhusa hiyo: pakishatajwa "yesterday", "have" haina tena nafasi. Kielezi huamuru, kitenzi hutii.

Runyambo haingoji amri ya kielezi. Kama zilivyo ndugu zake Ruhaya na Runyankore, hiyo ina njeo zake mbalimbali za wakati uliopita: lililotendeka leo lina umbo lake, la jana lina lake, na la kabla ya jana lina lake, lenye -ka- ndani ya kitenzi. Kiswahili nacho kina -ka-, ila chake hufuatanisha matendo, "akaenda, akarudi", bila kusema ni lini. Kijana yule, basi, hakuja darasani na upungufu wa nyakati. Alikuja na nyingi kuliko alizotakiwa, akaambiwa hajui nyakati.

Insha ya pili ilihusu mama. Alikuwa amefunzwa kwamba "slow" huzaa "slowly", na "quick" huzaa "quickly", akaifuata kanuni kwa uaminifu, akaandika: "My mother works hardly." Darasa zima likacheka. Alikusudia kusema mamaye hufanya kazi kwa bidii. Sentensi ikasema mamaye hafanyi kazi ila kwa nadra. Akaamriwa kuiandika upya mara kumi, bila zile herufi mbili za mwisho. Jumamosi alimkuta mama shambani, jembe mkononi, tangu alfajiri. Akachukua jembe la pili, wala hakumsimulia.

Mwanaisimu Josephat Rugemalira ameiandikia Runyambo sarufi na kamusi, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba lugha hiyo haina kanuni. Mwalimu angeweza kuanzia hapo: amwulize mtoto, kwa lugha ya kwao, babu alimwona leo, jana au zamani, amsikilize akibadili kitenzi mara tatu bila kusita, kisha amwambie kuwa Mwingereza, kwa hayo yote matatu, aweza kutumia "saw" moja tu, na ndiyo maana hukitegemea sana kielezi. Somo hilo lingechukua nusu saa. Kijana angeondoka na Kiingereza chake, na asingeona haya kwa alichotoka nacho nyumbani.