NDOO YA TAKA ILIYONISUTA



Ndugu zangu katika imani, leo nakusimulieni jambo lililonitokea nyumbani kwangu. Lina aibu ndani yake, lakini huenda likamfaa mtu, inshaallah.

Mama yangu alikuja kutoka Tanga kukaa nasi. Ijumaa ile nilikhutubu juu ya israfu, nikaitaja Suratul A'raf aya ya 31, ambapo Allah (Subhanahu wa Ta'ala) ametuamrisha tule na tunywe bila ya kupita kiasi. Nikawataja wenye njaa mpaka machozi yakanitoka. Mama alinisikia kwa spika za msikiti akiwa jikoni.

Niliporudi hakunisifu. Alinionesha ndoo ya taka: maganda ya karoti, vichwa vya vitunguu, mabua ya giligilani, nyanya mbili zilizolegea tu, hazijaoza. Akasema, "Mwanangu, kule umewalilia wenye njaa. Na hii ndoo yako ataililia nani?"

Nilinyamaza. Ningejibu nini?

Siku iliyofuata alizuia mabaki yasifike kwenye ndoo. Aliyaosha vizuri kuondoa mchanga. Kilichooza au chenye ukungu alikitupa. Maganda ya viazi hakuyatia, akasema yanaleta uchungu, na kabichi akatia kidogo tu kwa sababu ikizidi inanuka. Akaongeza kitunguu saumu na pilipili manga, akajaza maji hadi yakafunika. Ilipochemka akapunguza moto, ikatokota kama dakika 45. Maganda makavu ya vitunguu yakatoa rangi nzuri ya kahawia. Akachuja, chumvi akatia mwisho, makapi akayafukia chini ya mpapai. Supu ile akaipikia dengu. Wallahi, tulikula tukaramba vidole.

Kisha akajaza bakuli: "Mpelekee jirani."

Nikasema, "Mama, nimpelekee mtu supu ya maganda?"

"Kwani wewe umekula nini?"

Hapo nikakumbuka mambo mawili. Katika Suratul Baqara aya ya 267, Allah anatukataza kuchagua kibaya tukakitoa, hali sisi wenyewe tusingekipokea. Lakini hiki kilitoka chungu kimoja na changu. La pili, katika Sahih Muslim, Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) alimuusia Abu Dharr (radhiya Allahu anhu) kwamba anapopika mchuzi azidishe maji yake na awakumbuke majirani. Hadithi hiyo nimeisomesha mara nyingi. Siku ile ndiyo nilibeba bakuli.

Nikapiga hodi. Mzee wa nyumba ile tunaswali naye safu moja. Alilitazama bakuli, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ana miezi miwili hana kazi, na siku ile moto haukuwashwa kwake tangu asubuhi. Kisha akasema, "Shehe, mimi kila Ijumaa nakusikia."

Hakusema kwa ubaya, lakini neno lile lilinichoma kuliko la mama. Kati ya mlango wangu na wake hazifiki hatua ishirini.

Ndugu zangu, bakuli moja la supu halikumaliza shida yake. Lakini lilinifungulia mlango, nikajua. Tukazungumza na wenzetu msikitini, na baada ya muda akapata kibarua, alhamdulillah. Kama nisingepiga hodi, ningeendelea kulia mimbarini.

Sasa friji letu lina chombo cha mabaki safi ya mboga. Kila Alhamisi tunachemsha, na kila Alhamisi bakuli linatoka.

Kwa hiyo leo, kabla hujalala, itazame ndoo yako ya taka. Kisha utazame mlango wa jirani yako, ujiulize mara ya mwisho kuubisha ilikuwa lini.

Ewe Mola wetu, tughufirie israfu zetu tunazozijua na tusizozijua, na usitujaalie kuwa miongoni mwa wanaoshiba na hali jirani zao wana njaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.