Siku Tatu za Kilwa Kisiwani

Hatukwenda Kilwa kwa ajili ya utalii. Tulikwenda kwa sababu mama wa nyumba yetu alianguka jikoni usiku wa Jumatano, na daktari aliyempima hakuona maradhi mengine ila presha iliyopanda na usingizi uliopungua kwa miezi mingi. Siku ile alikuwa ametoka kazini, akapitia kikoba, akaenda kuhesabu michango ya harusi ya jirani, kisha akarudi kupika. Baba wa nyumba alikuwa kwenye kikao cha kamati ya madrasa, cha tatu katika wiki hiyo. Watoto ndio waliomwinua mama yao. Jambo hilo lilituuma kuliko presha yenyewe, kwani kila tulichokuwa tukikikimbilia kilikuwa cha heri.

Basi liliondoka Mbagala baada ya swala ya Alfajiri. Kabla ya kuvuka mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, simu zetu zilikuwa zimeita mara zisizo na idadi. Tukakubaliana tuzizime zote isipokuwa moja, kwa ajili ya bibi yao watoto aliyebaki nyumbani.

Tulipofika Kilwa Masoko, mwendo wa takriban kilomita 300, tulisali Adhuhuri na Alasiri pamoja, rakaa mbilimbili. Binti yetu mdogo akauliza kama Mwenyezi Mungu hachukii tukipunguza. Baba yake alimjibu kwamba Mtume (s.a.w.) aliiita ruhusa hii sadaka itokayo kwa Mwenyezi Mungu, na akatuamuru tuipokee. Mtoto akaridhika. Sisi wazazi ndio tuliobaki kimya, kwani tulikuwa wepesi wa kutoa sadaka, na hii ya kupewa tulikuwa hatujaizoea.

Asubuhi ya pili, baada ya kuchukua kibali, tulishuka bandarini tukiwa na haraka zetu za Dar es Salaam. Nahodha, mzee wa makamo, alitazama bahari akasema tusubiri upepo utulie. Tukamwuliza, tusubiri mpaka saa ngapi?

"Mpaka utulie, wanangu," akajibu, akaendelea kushona tanga lake.

Tulikaa kwenye kivuli zaidi ya saa nzima. Mama alilala usingizi akiwa ameegemea mfuko wa nguo, na hakuna aliyethubutu kumwamsha hata nahodha alipotuita.

Kisiwani hakuna honi wala foleni. Ukishuka kwenye mashua, Gereza linakupokea ufukweni, kisha njia inakupeleka kwenye Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11 au karibu na hapo, na upande wa kusini uliongezwa karne ya 14, zama ambazo dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwa watu wa Kilwa. Nyongeza hiyo iliporomoka, ikajengwa upya karne iliyofuata. Tulikaa chini ya makuba ya mawe ya matumbawe na chokaa, hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu. Watoto walihesabu nguzo, wakapoteza hesabu, wakaanza tena.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo, juu ya jabali linalotazama bahari. Ni kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331 na kusifiwa kwa ukarimu wake. Lina nyua, kumbi na birika la kuogea lenye pande nane. Wataalamu wa mambo ya kale wanasema jengo hilo halikupata kukamilika. Mama alicheka aliposikia hivyo, kicheko ambacho tulikuwa hatujakisikia siku nyingi. "Kumbe hata sultani alibeba mengi," alisema, akaketi ukingoni mwa birika na kuvua viatu.

Adhuhuri tulisali katika msikiti wa kijiji, na kwa kuwa tulimfuata imamu mkaazi, tulitimiza rakaa nne. Baada ya swala tulizungumza kisa cha Salman al-Farisi alipomzuru Abu Dardai, akamkuta amezama katika saumu na visimamo hata mkewe hana tena sababu ya kujipamba. Salman alimlazimisha ale, akamlazimisha alale, mpaka ulipofika mwisho wa usiku wakasimama pamoja kusali, naye Mtume (s.a.w.) akamsadikisha Salman kwamba nafsi na watu wa nyumbani wana haki zao. Kisa hiki tumekifundisha madrasa mara nyingi. Tulikuwa tukidhani kinamhusu Abu Dardai.

Jioni hiyo, maji yakiwa yamekupwa, tuliirudia mashua kwa miguu, kanga na kanzu zimekunjwa magotini.

Tuliporudi nyumbani, mama aliacha uhazini wa kamati za harusi, na wapo waliokasirika. Mmoja hajatusalimu hadi leo. Baba amebaki na kikao kimoja kwa wiki. Presha haijashuka yote, lakini Alhamisi usiku simu huzimwa baada ya Isha, tunakula kwenye mkeka, na binti yetu huuliza kama upepo umetulia.