Amerikani ya Chuma

Katika lugha yetu lipo neno la zamani lililoanza kuwa jina la nchi likaishia kuwa jina la nguo. Neno hilo ni amerikani. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakawa wakileta Unguja nguo nzito ya pamba iliyofumwa kwao, wakirudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Nguo hiyo ilipendwa pwani na bara, hata ikawa fedha ya misafara. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vikakata njia ya pamba. Viwanda vya Uingereza na vya Bombay vikaingia mahali pake. Mfumaji alibadilika, na bahari iliyovukwa ikabadilika, lakini jina halikubadilika. Mvaaji hakuitaka nguo hati ya kuzaliwa. Aliishika, akaifua, akaivaa msimu mmoja, ndipo akaamua kama ni amerikani au si amerikani.

Nataka kusema habari ya amerikani nyingine, ambayo ni ya chuma. Nayo ni motakaa ya Ford.

Kampuni ya Ford ilianzishwa Detroit tarehe 16 Juni 1903. Miaka mitano baadaye, mwaka 1908, Henry Ford aliuza motakaa aliyoiita Model T. Ilikuwa na nguvu za farasi 20 tu, lakini ilijengwa kwa chuma chepesi kilicho imara, na tumbo lake lilikuwa juu ya ardhi kiasi cha kupita katika njia za mashamba. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, kazi ya kuiunga iligawanywa vipande vipande, na motakaa ikawa inamfuata fundi badala ya fundi kuifuata motakaa. Mwaka uliofuata Ford alitangaza ujira wa dola tano kwa siku ya kazi ya saa nane, kwa maana wafanyakazi walikuwa wakiikimbia kazi hiyo ya kurudia jambo moja tangu asubuhi hata jioni. Bei ya motakaa ilishuka kutoka dola zaidi ya 800 hata chini ya dola 300. Ilipokoma kutengenezwa mwaka 1927, zilikuwa zimekwisha kutoka zaidi ya milioni 15.

Hayo ni maneno ya kiwanda. Maneno ya wenye motakaa ni mengine, nami nayapenda zaidi. Tangi la mafuta la Model T lilikuwa chini ya kiti cha dereva, na mafuta yaliteremka yenyewe kwenda kwenye injini, bila pampu. Katika mlima mkali, tangi likiwa na mafuta machache, injini ilikuwa juu na mafuta chini, ikakosa kinywaji, ikazima. Wenye motakaa wakavumbua dawa yao: waliigeuza wakapanda mlima kinyumenyume. Vilevile hendeli ya kuwashia ilikuwa na tabia ya kurudi kwa ghafula ikavunja mkono, basi watu wakafundishana namna ya kuishika. Kwa hivyo tangu mwanzo palikuwa na elimu mbili: elimu ya aliyeitengeneza, iliyoandikwa katika vitabu, na elimu ya aliyekaa nayo, iliyopita mdomo kwa mdomo. Hii ya pili ndiyo iliyosafiri mbali zaidi.

Je, ilifikaje kwetu? Dar es Salaam iliijua motakaa mapema. Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka mji huu kwa gari, akafika Swakopmund, upande wa pili wa Afrika, mwezi Mei 1909. Lakini gari lake lilikuwa la Kijerumani. Ford ilikuja kwa mlango wa Waingereza, na hapa pana jambo la ajabu. Mwaka 1904, ng'ambo ya mto unaotenga Detroit na Kanada, ilianzishwa Ford ya Kanada, ikapewa haki ya kuuza katika nchi zote za Dola ya Uingereza isipokuwa Uingereza yenyewe na Ireland. Basi Ford iliyokusudiwa makoloni ilikuwa mtoto wa Kanada mwenye jina la Marekani.

Katika Vita Kuu ya kwanza magari mepesi ya Ford yalitumiwa na majeshi ya Waingereza katika nchi hii. Lakini njia zilikuwa tope na mbung'o waliua wanyama wa mizigo, hata uzito mkubwa wa vita ukabebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, homa na uchovu. Jeshi lao liliitwa Carrier Corps, na mahali walipowekwa katika Dar es Salaam ndipo leo paitwapo Kariakoo. Leo katika Kariakoo na Gerezani huuzwa vipuri vya magari ya kila namna. Palipokusanywa mabega ya watu kwa sababu magari hayakutosha, sasa panauzwa viungo vya magari. Sijui mji mwingine ambao jina la mtaa wake limebeba mzigo mzito kuliko huo.

Baada ya Vita Kuu ya pili Ford iliyoonekana zaidi huku ilikuwa ile ya Uingereza: Anglia, Consul, Zephyr, na baadaye Cortina. Mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953, yalizifanya njia zetu kuwa mtihani. Mwaka 1955 ilishinda Zephyr, na mwaka 1964 Cortina. Mwaka 1969 ilishinda Taunus, iliyokuwa Ford ya Ujerumani, na mwaka 1972 Escort, iliyoendeshwa na Hannu Mikkola wa Finland. Jina lilikuwa moja, na nchi za kuzaliwa zilikuwa nyingi.

Kisha zikaja siku za dhiki. Katika miaka ya 1970 mafuta yalipanda bei, na magari ya watu binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili alasiri. Fedha za kigeni zilipokuwa haba, kipuri kilikuwa kama dawa. Gari lililolala juu ya mawe lilitolewa kiungo kimoja kimoja ili mengine yapate kuishi. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na katika miaka iliyofuata magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika bandarini. Toyota ikawa karibu sawa na neno gari lenyewe.

Hapo ndipo habari hii inapoingia katika ukoo wangu. Kaka yangu alifariki dunia akiacha mjane, watoto watatu, nyumba isiyokwisha kupakwa rangi huko Mbezi Beach, juu kidogo ya Tangi Bovu, na motakaa moja aina ya Ford Escape iliyonunuliwa imekwisha kutumika Japani. Shemeji yangu huuza vitenge. Huvichukua Kariakoo na kuvipeleka kwa wateja wake Kawe, Mbezi na Tegeta. Baada ya arobaini tulikaa kikao cha ukoo, na wengi tuliona kwamba gari liuzwe, fedha ziwe ada ya watoto.

Dalali alikuja Jumamosi. Alilizunguka gari mara mbili, akagonga bodi kwa kidole, akainama kutazama chini. Upepo wa bahari wa Mbezi una chumvi, nayo chumvi haina heshima kwa jina la kampuni yoyote. Ilikuwa imekwisha kula kingo za milango, na rejeta ilikuwa ikivuja kwa uzee. Dalali akasema, "Mama, ingekuwa Toyota tungezungumza. Hii ni Ford, gari la Mmarekani. Spea zake hazipatikani." Kisha akataja bei ambayo isingetosha ada ya mtoto mmoja kwa mwaka. Shemeji hakujibu. Alimkaribisha chai, naye akainywa, akaondoka.

Nisimwonee dalali yule. Alisema jambo ambalo soko zima husema, na soko lina sababu zake. Gari lililo chache lina vipuri vichache na mafundi wachache, na anayelinunua hununua mashaka pamoja nalo. Lakini usemi wake ulikuwa na tundu, na aliyelionyesha tundu hilo hakuwa msomi. Alikuwa fundi mmoja afanyaye kazi chini ya mwembe, kando ya njia iendayo Tegeta. Tulipompelekea gari akaniambia, "Mwalimu, usisome nembo. Nembo imebandikwa. Fungua boneti." Tukafungua. Akasema kwamba mkono wake ulikwisha kulijua gari hili kabla ya kuliona, kwa maana alikwisha kutengeneza nduguye, Mazda Tribute.

Maneno ya fundi yalinipeleka kwenye vitabu, na vitabu vikamshuhudia. Mwaka 1979 Ford ilinunua karibu robo ya hisa za Mazda, kampuni ya Hiroshima. Mwaka 1996 ikaongeza hata kufikia asilimia 33.4, na Henry Wallace wa Ford akawa rais wa Mazda, mgeni wa kwanza kuongoza kampuni ya motakaa ya Japani. Kutokana na unyumba huo walizaliwa mwaka 2000 watoto wawili wenye mifupa mamoja: Ford Escape na Mazda Tribute. Ford ilianza kuuza hisa zake kwa wingi mwaka 2008, na kufikia mwaka 2015 ilikuwa haina tena hisa katika Mazda. Mwisho wa mwaka 2016 ikafunga biashara yake ya kuuza magari Japani. Wazazi walikwisha kuachana, lakini talaka yao haikubadili damu ya watoto.

Nilikwenda Gerezani na karatasi ya fundi mfukoni. Katika duka moja niliuliza rejeta na bushi za miguu ya mbele za Ford Escape. Muuzaji alitikisa kichwa kabla sijamaliza. Nikauliza, "Na za Mazda Tribute?" Akapanda ngazi, akaviteremsha vyote viwili, akavifuta vumbi. Fundi alivifunga siku ile ile, navyo vilikaa mahali pake bila kusukumwa.

Katika kikao cha pili shemeji alisema maneno machache. "Shemeji zangu," alisema, "mkiliuza, nitalipa ada mara moja, kisha nitakuwa napanda daladala na furushi la vitenge kichwani. Mkiliacha, nitalipa ada kila muhula." Hapakuwa na wa kumjibu, na kadi ya gari ikaandikwa jina lake. Sisemi kwamba neema ilishuka siku ile. Gari lanywa mafuta kuliko Toyota ndogo za majirani, naye huihesabu kila safari kabla ya kugeuza ufunguo. Ada ya muhula wa kwanza ililipwa kwa wakati, na ya muhula wa pili ilichelewa wiki mbili. Lakini imelipwa, na hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Watu waliokaa mezani Dearborn na Hiroshima mwaka 1979 hawakuijua Mbezi Beach, wala hawakumfikiria mjane auzaye vitenge. Hata hivyo tendo lao liliamua, miaka mingi baadaye, kama rejeta itapatikana Gerezani au haitapatikana. Na kati ya tendo lao na haja yake palisimama elimu. Asiye na elimu hiyo aliliita gari mzigo, na aliye nayo akaliita gari. Bei iliyotajwa na dalali ilikuwa, kwa sehemu kubwa, bei ya kutojua kwetu. Kama tungeikubali, tungelipia ujinga kwa karo ya yatima.

Wako watakaosema kwamba kutengeneza kitu cha mwenzio si sawa na kukiunda chako. Ni kweli, wala sitaki kuficha unyonge kwa maneno matamu. Nchi yetu imejaribu kuunda magari yake katika kituo cha Nyumbu, Kibaha, na jaribio hilo lilistahili nguvu na subira kubwa kuliko zile lilizopata. Afrika Kusini huunda Ford Ranger huko Silverton, Pretoria, kwa mikono ya Waafrika. Lakini hapana taifa lililoruka kutoka kununua hata kuunda bila kupita katika kutengeneza. Henry Ford mwenyewe alianza na kutengeneza saa za majirani. Fundi wa chini ya mwembe yuko katika daraja lile lile. Kinachomkosesha kupanda si mkono wake, bali ni kwamba tunachokijua hakiandikwi popote.

Hili ndilo ningependa wanafunzi wetu walitazame. Historia ya Ford iliyoandikwa na watu wa Detroit ni nene na nzuri, na mtu akitaka tarehe atazipata. Historia ya Ford iliyopo Dar es Salaam imo katika vichwa vya mafundi na madereva wazee wa Ilala, Temeke na Kinondoni: gari gani lilikubali kiungo cha gari gani, katika miaka ya uhaba nini kilichongwa badala ya nini, na kwa nini fundi mmoja alikataa kufunga kitu ambacho mwenzake alikifunga. Imo pia katika maneno yao, kama rejeta, bushi, plagi, klachi na spana, ambayo yameingia katika Kiswahili kwa mlango ule ule ulioingiza amerikani. Wengi wao ni wazee, na wanafunzi wao huondoka mapema kwenda kutafuta kazi nyingine. Mwanafunzi mwenye daftari na subira ya alasiri moja aweza kuokoa mambo ambayo maktaba zetu hazinayo. Aende upesi, naye aende na vitu vya kuuliza, kwa maana mafundi hawapendi kupotezewa muda.