NIMEFUATA PASI JANG'OMBE!

Wiki hii sina stori ya ufukwe wa Nungwi wala pweza wa Forodhani. Nakupeleka Jang'ombe, uswahilini kabisa, Ng'ambo ya mji wa Unguja, na kilichonipeleka huko ni pasi. Si ile ya nguo bwana! Pasi ya kulehemu, ile ya mafundi redio.

Kisa chenyewe kinatia aibu. Mie ni fundi wa kujifunza, nazunguka majumbani kwa watu Dar na begi mgongoni. Mwezi uliopita nikaunguza redio ya mama mmoja jirani, redio aliyoachiwa na marehemu mumewe. Pasi yangu ilikuwa ya bei poa, ya kuchomeka ukutani, haina pa kupunguzia moto. Nikaing'ang'aniza kwenye bodi, mara ukanda wa shaba ukabanduka kama ganda la kitunguu. Mama hakusema kitu. Hilo ndilo lililoniuma.

Mshkaji akaninong'oneza kuwa Jang'ombe kuna mzee mmoja anayejua kuchagua pasi ya kutembea nayo. Nikapanda boti, redio ndani ya begi.

Kutoka bandarini nikapita Darajani, nikatembea hadi Michenzani, kwenye yale majumba marefu yaliyoanza kujengwa enzi za Mzee Karume. Ukiyaacha nyuma, mji unageuka: vichochoro, mabati, baraza, kahawa na ubishi wa mpira. Na huku mpira si utani. Mtaa mmoja una Jang'ombe Boys na Taifa ya Jang'ombe, na Januari 2017 zote mbili zilicheza Kombe la Mapinduzi, kundi moja na Simba! Kijana niliyemuuliza njia alitaka kwanza kujua mie nashabikia ipi. Nikajifanya kiziwi.

Mzee nikamkuta barazani kwake, kazungukwa na spika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu. Hebu tuone." Akaifungua redio, akaguna. "Hii umeichoma, hukuitengeneza. Haya, hiyo pasi wataka ukafanyie kazi wapi?"

"Popote mzee, hata pasipo na umeme."

Akacheka. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, unaibukia Fumba. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, kisha tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 tena, miezi mitatu! Mzee anasema siku zile alikuwa akipasha kipande cha shaba kwenye jiko la mkaa, analehemu nacho, kikipoa anarudisha motoni. Waya mpya wa megawati 100 ulipowashwa 2013 hali ikawa afadhali, lakini kile kipande bado anacho kwenye mkebe. Nilikishika, kizito kama deni.

Akanitolea pasi mbili. Ya kwanza inakula gesi ya viberiti. Haina waya, na juu ya paa kwenye antena hakuna mfano wake. Ila inatoa hewa ya moto ubavuni. Aliponipa nijaribu kwenye kasha bovu, plastiki ikajikunja mbele ya macho yangu. Nikaifikiria redio ya mama, nikaiweka chini taratibu.

Ya pili ni nyembamba kama kalamu, inatumia waya wa USB-C na ina kioo cha kuonyesha nyuzi. Lehemu ya bati 63 kwa risasi 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183, isiyo na risasi inataka kama 217 na zaidi. Mzee anaiweka pasi kwenye 320 hivi kwa lehemu ya risasi, agusa, aondoa.

Sasa hapa ndipo vijana wengi tunapoingizwa mjini. Tunanunua pasi, tunasahau chakula chake. Ncha ya omu 8 ukiipa volti 12 unapata wati 18 tu, ukiipa volti 20 unapata 50. Pawabenki ya kuchajia simu inayotoa volti 5 peke yake itakupa wati 3, utakesha! Tafuta inayotoa volti 20, uijaribu palepale dukani. Na ncha usiisugue kwa msasa, ina ngozi ya chuma juu ya shaba. Kabla ya kuzima iache na tone la lehemu, hasa huku kwenye upepo wa chumvi.

"Haya, rekebisha mwenyewe," akasema, akanipa kipande cha waya mwembamba niunganishe pale shaba ilipobanduka. Mkono ulitetemeka, nisikufiche. Sekunde mbili huku, mbili kule. Redio ikakoroma, ikaongea.

Nikanunua ile ya kalamu na pawabenki yake. Mfukoni ikabaki nauli ya boti na bakuli moja la urojo.

Jumapili nikampelekea mama redio yake. Akaiwasha, akatafuta stesheni ileile ya mumewe, kisha akaniambia nikae, chai iko jikoni.