Mwavuli

Nilipoacha chuo, shangazi alinipa vitu viwili: elfu mbili za kujipanga nazo na kopo la krimu. “Jipake ung'ae kidogo,” akasema. “Nairobi hii, msichana mweusi hivi ataajiriwa na nani?” Pesa ziliisha kwa wiki. Krimu ilidumu miezi mitatu.

Hakuna aliyeniajiri kwa kung'aa. Nikaishia kuandikia watu makala mtandaoni usiku kucha, mchana nimelala kwenye bedsita ambayo dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Mwaka jana mifupa ikaanza kuniuma. Vipimo vikasema vitamini D iko chini kabisa. Nikacheka. Mimi, mtu wa ikweta? Daktari hakucheka. “Hilo jua unaliona saa ngapi?”

Usiku huo nikaacha kazi za watu, nikajisomea. Mwaka 2000, Nina Jablonski na George Chaplin walieleza rangi za binadamu kama maelewano kati ya ngozi na jua. Mababu zetu walipopoteza manyoya hapa Afrika, ngozi ilibaki wazi. Jua kali huharibu foleti, na mama akipungukiwa foleti, uti wa mgongo wa mtoto tumboni unaweza kukosa kujifunga. Melanini nyingi ikawa mwavuli. Lakini miale ya jua ndiyo pia huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, na bila hiyo mifupa ya watoto hupinda wakawa na matege. Kwa waliohamia kaskazini, kwenye jua hafifu, mwavuli ulizidi kiasi, ukapungua kizazi baada ya kizazi. Na si zamani sana: mwaka 2018, DNA ya mtu wa pango la Cheddar, aliyeishi Uingereza miaka 10,000 hivi iliyopita, ilionyesha kwamba huenda alikuwa mweusi.

Wiki iliyopita nilimtembelea dada yangu, mimba yake ina miezi mitano. Kando ya kitanda kulikuwa na tembe za foliki asidi za kliniki na kopo lile lile. Shangazi tena. Nikamweleza yote.

“Kwani hii rangi ilikuwa inalinda watoto?”

“Hata sisi, tukiwa kwa tumbo la mathe.”

Hakulitupa. Alilifunga tu, akalisukuma chini ya kitanda. Ilikuwa saa sita. Tukapanda juu ya ploti kuanika nguo, nami nikakunja mikono ya shati. Ngozi kama yangu huhitaji muda zaidi juani, basi hatukuharakisha.