Dua Niliyoisoma Kabla ya Barua

Alinijia siku ya Alhamisi baada ya Alasiri, watoto wa madrasa wakiwa wanafunga misahafu yao. Ni mama mjane, jirani yetu hapa Majengo, Pumwani. Asili yake Kwale, na riziki yake ni mahamri na mbaazi anazouza tangu alfajiri. Mkononi alishika bahasha ya kaki. "Maalim," aliniambia, "mwanangu ameitwa Marekani kucheza mpira wa kikapu na kusoma. Nisomee dua mambo yafunguke."

Mwanawe nilimfundisha alifu na bee, kabla hajanipita kwa kimo. Kwa miaka mingi nalikuwa nikimgombeza kwa kuchelewa darasa la jioni, kwani alishinda kiwanjani akirusha mpira mpaka adhana ya Magharibi. Katika malezi yangu, mpira ulihesabiwa kuwa upuuzi. Lakini siku ile nilifurahi, nikainua mikono, nikaomba kwa kirefu. Mama aliitikia amin huku akilia. Bahasha sikuifungua.

Ndani mlikuwa na barua yenye nembo ya chuo kimoja kidogo, ikiahidi karo, chakula na malazi, yote kwa ajili ya mpira. Wakala aliyeileta alidai shilingi 150,000 za kushughulikia karatasi. Mama alikuwa amekwisha kutoa 60,000, baada ya kuuza bangili mbili za dhahabu alizorithi kwa mamake.

Wiki ya pili mpwa wangu, msichana asomaye chuo kikuu hapa Nairobi, aliisoma barua ile. Alilitafuta jina la chuo katika simu yake, akanyamaza kidogo. "Mjomba," alisema, "chuo hiki kiko katika daraja la tatu la michezo ya vyuo vya Marekani. Vyuo vya daraja hilo havitoi udhamini wa michezo kwa mtu yeyote, hata mwenyeji." Tulipompigia wakala, simu yake ilikuwa imezimwa. Haijawashwa hadi leo.

Wasomaji wangu watukufu, ndoto yenyewe haikuwa ya uongo. Hakeem Olajuwon alitoka Lagos mwaka 1980 kwenda Chuo Kikuu cha Houston. Akaja kuwa bingwa wa ligi kuu ya Marekani mwaka 1994 na 1995, na katika Ramadhani alicheza huku amefunga. Dikembe Mutombo alitoka Kongo mwaka 1987 kwenda kusomea utabibu katika Chuo Kikuu cha Georgetown. Mpira ukampa mali, naye akajenga hospitali Kinshasa kwa jina la mamake. Kwetu Kenya, Madina Okot alitoka Chuo Kikuu cha Zetech akaenda Mississippi State mwaka 2024. Wala mabinti wenye kujistiri hawakufungiwa mlango: tangu Oktoba 2017 shirikisho la dunia la mpira huo linaruhusu vazi la kichwa uwanjani.

Palipo na mlango wa haki, mwizi naye husimama kando yake. Mjini Charlotte, Marekani, mwenye shule moja binafsi alikiri mahakamani mwaka 2018 kosa la kuwaficha vijana wa kigeni, wengi wao wachezaji. Karatasi zilisema ni wanafunzi wake, ilhali hawakuwa wakisoma kwake. Mtoto wa aina hiyo huwa ugenini bila shule na bila kibali, na mzazi wake huku anawaambia majirani kwamba mwanawe anasoma.

Mama yule hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Nimeisomesha tangu ujana wangu. Siku nilipoletewa karatasi yenye maisha ya mtoto ndani yake, sikuona kwamba aya ile ilikuwa ikinisemesha mimi. Nilikimbilia dua kwa kuwa dua naijua, na karatasi ile ilinitia haya kwa Kiingereza chake.

Basi nawaandikia akina mama niliyojifunza kwa kuchelewa. Barua ikija, muandikieni chuo wenyewe kwa anwani mliyoitafuta nyinyi, msitumie ile iliyo kwenye barua. Ulizeni fomu iitwayo I-20. Hutolewa na shule au chuo kinachompokea mwanafunzi, na bila hiyo ubalozi hautoi viza ya masomo. Ulizeni udhamini ni wa muda gani, kwani mwingi huangaliwa upya kila mwaka, na mtoto akivunjika mguu itakuwaje. Ulizeni alama za darasani, maana daraja la kwanza na la pili haliwapokei wachezaji wasiotimiza masharti ya masomo. Ulizeni chakula cha halali, mahali pa kusali, na nani atampokea uwanja wa ndege. Kocha wa kweli hulipwa mshahara na chuo chake. Hamtumi mjane auze bangili.

Bangili hazitarudi. Nimeanza kumlipa mama kidogo kidogo kila mwezi; hukataa, nami humwachia fedha chini ya sinia la mahamri. Kijana atafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka huu. Jioni bado yuko kiwanjani, nami simgombezi tena, ila namtaka awahi Magharibi.

Kocha wa chuo kimoja cha hapa nchini amekwisha kuja kumtazama mara mbili. Barua yake, ikija, itafunguliwa mezani kwangu, na mpwa wangu ataisoma mstari kwa mstari mbele ya mama na mashahidi wawili. Kisha ndipo tutakapoinua mikono. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, walio karibu na walio mbali. Amin.