Inazunguka, Haishiki

Hapa kwetu gari ikikataa kuwaka, kila anayepita anasema ni betri. Mimi nasikiliza kwanza. Ukigeuza ufunguo usikie "tik" moja halafu kimya, au taa za dashibodi zififie, hapo sawa, angalia betri au stata. Lakini kama injini inazunguka kwa nguvu, wuu-wuu-wuu, na bado haishiki, hao wawili wameshafanya kazi yao. Injini ya petroli inataka mafuta, cheche na mgandamizo wa hewa, na inataka vyote kwa wakati wake. Kimoja kikikosekana utazungusha mpaka betri nayo ife, na yule aliyesema ni betri atafurahi.

Haya nilijifunza kwenye gereji moja ya Bweyale, miezi ile nilipomaliza sekondari na karo ya kuendelea haikuwepo. Sasa nafanya kazi na vijana hapa Kiryandongo na siku nyingi mikono yangu ni safi. Mwaka jana Shosho, jirani yetu, aliniomba nimpeleke Busia.

Kambini kuna ndugu zetu wengi wa Sudan Kusini, kwa hivyo labda wengine hamjui kwamba na sisi Wakenya tuko. Tulivuka Malaba mapema 2008, baada ya ghasia za uchaguzi. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa. Tulikaa kwanza Mulanda, wilaya ya Tororo, na kabla mwaka kuisha tukaletwa huku. Nakumbuka wakati ule Uganda petroli ilikuwa imeadimika, kwa sababu inapitia Kenya na barabara zilikuwa zimefungwa kwa mawe. Sisi tulipita kwa miguu, mafuta yakashindwa.

Shosho ana dada yake Mumias. Hawakuwa wameonana tangu wakati huo. Dada macho yanamuisha, upande mmoja ulikuwa umeshazima, na Shosho alisema, "Nataka anione kabla hayajafunga." Simu wanapigiana kila Jumapili, lakini simu si uso. Shosho mwenyewe hakutaka kukanyaga Kenya. Anaogopa ile nchi, tena anaogopa kuulizwa baadaye, kama unaweza kwenda nyumbani, ukimbizi wako ni wa nini? Basi wakapanga hivi: dada aje na mjukuu wake mpaka Busia, wavuke na vitambulisho vyao vya Kenya, wakae upande wa Uganda mchana, warudi jioni. Mjukuu alikuwa amepewa ruhusa ya siku moja tu kazini.

Gari tuliazima, Kikumi, ile Corolla ya miaka ya tisini. Tulipita Lira, Soroti, Mbale, tukalala Tororo kwa rafiki. Usiku mvua ikanyesha vibaya. Asubuhi saa moja nikageuza ufunguo: wuu-wuu-wuu.

Fundi wa kwanza alifika haraka. Hakufungua hata boneti. Akasema pampu ya mafuta imekufa, tutoe laki moja na themanini ailete mpya. Shosho alikuwa na laki mbili kwenye kitambaa, na hizo alikuwa anampelekea dada yake za kwenda kwa daktari wa macho. Akaanza kufungua fundo. Nikamwambia, "Shosho, ngoja kidogo."

Pampu ya gari hiyo iko ndani ya tangi. Nilifungua kifuniko cha mafuta, nikaweka sikio pale, rafiki yangu akazungusha. Zzzzz. Pampu ilikuwa inaimba. Fundi naye aliisikia. Akasema basi ni mafuta ya magendo, yamechanganywa na mafuta ya taa. Hilo sikulikataa, mpakani linatokea. Nikadondosha matone kwenye karatasi. Petroli safi inaruka yote, mafuta ya taa yanaacha doa la grisi. Karatasi ilikauka safi. Yule fundi akakumbuka ana kazi mahali pengine.

Saa mbili na nusu. Mjukuu akapiga simu, wameshatoka Mumias. Rafiki yangu akasema tupande boda boda, na kweli jina hilo lilizaliwa kule kule Busia, lakini nyonga ya Shosho haiwezi kukaa kwenye pikipiki. Yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda akiangalia mwamba wa Tororo. "Huu niliuangalia sana 2008," akasema. Hakuongeza.

Fundi wa pili alikuwa mzee, aliletwa na jirani. Nikamsalimia, nikamweleza.

"Umepima nini mpaka sasa, kijana?"

"Pampu na mafuta, mzee. Viko sawa."

"Plagi je?"

Tukatoa plagi. Zilikuwa kavu kabisa, hata harufu ya petroli hakuna. Akashika waya wa plagi kwa koleo lenye mpira, akasogeza karibu na chuma, tukazungusha. Hakuna cheche. Kwa sababu ya mvua alifungua kifuniko cha distribyuta, akakipangusa na kukikausha. Bado. Mimi nikaona tuko pabaya zaidi sasa, mafuta hayaingii na cheche haipo.

Mzee akacheka. "Vitu viwili havifi usiku mmoja. Tafuta baba yao."

Nimewafundisha vijana wangu maneno hayo. Kwenye Kikumi ya injekta, kompyuta ndiyo inaagiza mafuta yapulizwe, na ndiyo inaagiza cheche. Na inaagiza pale tu inapopata habari kutoka kwa distribyuta kwamba injini inazunguka. Habari isipofika, pampu italia, stata itazungusha, na kompyuta itakaa kama mtu aliyelala.

Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS. Mzee akaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, akafungua ufunguo bila kuzungusha. Taa ya injini ikaanza kukonyeza. Mara moja, ikapumzika, mara mbili. Tena hivyo hivyo.

"Kumi na mbili," akasema. "Kompyuta haijui kama injini inazunguka."

Hapo tukafuata nyaya za distribyuta kwa vidole, polepole. Karibu na soketi waya mmoja ulikuwa laini kama tambi. Kwa nje mpira ulikuwa mzima. Alipoukata, ndani shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Akakata mpaka kwenye shaba nyekundu, akaunga, akafunga tepu. Nikageuza ufunguo, gari ikashika mara moja. Shosho aliinuka kwenye kigoda bila kusaidiwa.

Mzee alitaka elfu ishirini.

Tulifika Busia saa sita kasoro. Dada alikuwa ameketi kwenye benchi la duka, upande wa Uganda, mjukuu amesimama nyuma yake. Shosho alikwenda mpaka mbele yake akasimama kimya. Dada akamshika mashavu kwa mikono miwili, akageuza kichwa ili atumie jicho lile zima.

"Umezeeka," akasema.

"Basi bado unaona," Shosho akajibu, wakaanza kucheka na kulia, na mimi na mjukuu tukaenda kutafuta chai.

Walikaa mpaka saa kumi. Kabla ya kuagana Shosho alifungua kitambaa, vijana wa kubadilisha pesa wakatugeuzia shilingi za Kenya, akamhesabia dada mkononi moja moja kwa sababu noti hakuweza kuzitofautisha vizuri. "Ilikuwa laki mbili," alimwambia. "Ishirini imekula gari."

Dada akauliza gari ilikuwa na nini. Shosho akanitazama, halafu akamjibu mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayejua: "Waya."